Taranta: gita ya wachimbaji wa Uhispania isiyohesabiwa kwa mguu

Mwanafunzi wa gita ya flamenco anatumia miaka yake ya kwanza kwa kazi moja kubwa: kuhesabu. Anahesabu kwa mguu, anahesabu kwa makofi, anahesabu hata akiwa anatembea barabarani. Kisha siku moja mwalimu anamwambia apumzishe mguu, kwani wimbo anaotaka kujifunza sasa hauna hesabu. Wimbo huo unaitwa taranta. Wanafunzi wengi wanafurahi kusikia vile, wakifikiri kwamba mzigo umepungua. Hawakawii kutambua kwamba umeongezeka.

Taranta ni mojawapo ya aina za flamenco zinazopigwa kwa mwendo huru, ni kusema bila mapigo yanayorudi kwa kipimo kimoja. Ilikua katika migodi ya kusini-mashariki mwa Uhispania, katika karne ya 19, midomoni mwa watu waliochimba madini ya risasi, yale yanayoitwa plomb kwa Kifaransa. Leo mashimo yale yamefungwa. Kijana anayejifunza taranta sasa hivi katika chumba cha shule, Sevilla, Rotterdam ao Tokyo, kwa kawaida hajawahi kushuka chini ya udongo. Hapo ndipo swali linapoanza: mtu anajifunza namna gani muziki wa watu ambao kazi yao imekwisha, bila kuugeuza kuwa pambo tu?

Jibu la walimu wa flamenco halitoki katika vitabu vya historia. Linatoka katika kazi yenyewe ya mikono na masikio.

Wimbo uliofuata madini

Katika karne ya 19, homa ya madini ilishika upande ule wa Uhispania. Milima ya jimbo la Almería, hasa Sierra de Gádor na Sierra Almagrera, ilitoa risasi na fedha. Ndani zaidi, mji wa Linares katika jimbo la Jaén ulikuwa moja ya vituo vikubwa vya risasi. Kisha wachimbaji wengi wa Almería walihamia jimbo la Murcia, kwenye milima iliyo kati ya Cartagena na mji mdogo wa La Unión. Walienda na familia zao, na pamoja nao zilienda nyimbo zao.

Maisha yao yalikuwa magumu. Watoto walifanya kazi pamoja na wakubwa, wakibeba mawe yenye madini. Mavumbi yaliharibu mapafu. Mashimo yaliporomoka juu ya watu. Katika sehemu nyingi mshahara haukutolewa kwa pesa bali kwa vikaratasi, na vikaratasi hivyo vilipokelewa tu katika duka fulani, kwa bei iliyopangwa na wenye duka. Msomaji wa Kolwezi, Rubaya ao Kamituga hana haja ya kuelezwa zaidi.

Nyimbo walizokuja nazo zilikuwa za ukoo wa fandango. Fandango ni wimbo wa kuchezwa, wenye mapigo matatu, unaopigwa kwenye sherehe za vijiji. Lakini jioni, katika vilabu vya miji ya migodi, watu walikaa wakisikiliza, hawakucheza. Mwimbaji hakuwa tena mtumishi wa miguu ya wachezaji. Alianza kuvuta neno moja mpaka pumzi inakwisha, kunyamaza, kisha kuanza tena pale alipotaka. Kidogo kidogo mapigo matatu yalipotea, na kilichobaki ni umbo la wimbo: idadi ya mistari yake, njia ya sauti yake, na mahali pa kupumzika.

Hivyo zilitokea nyimbo kadhaa za ukoo mmoja: taranta, cartagenera, minera na nyingine. Kwa pamoja zinaitwa nyimbo za migodi, ao nyimbo za Levante, ni kusema za upande wa mashariki. Kati ya waliozijenga anatajwa sana Antonio Grau Mora, aliyejulikana kwa jina la El Rojo el Alpargatero. Alikaa La Unión, akawa na klabu ya muziki pale, na alikufa mwaka wa 1907. Maneno ya nyimbo hizo yanazungumza juu ya shimo, taa ya mchimbaji, mama anayengoja nyumbani, na rafiki ambaye hakupanda tena juu.

Uhuru wenye sheria

Ili kuelewa ugumu wa taranta, lazima kwanza kuelewa kile inachokiacha. Sehemu kubwa ya flamenco inasimama juu ya compás, ni kusema mzunguko wa mapigo. Katika soleá, mzunguko una mapigo 12, na mkazo unaanguka kwenye pigo la 3, la 6, la 8, la 10 na la 12. Bulería inatembea pia juu ya mapigo 12, lakini kwa kasi kubwa sana. Mpiga gita, mwimbaji, mchezaji na wapiga makofi wote wanaishi ndani ya mzunguko huo. Anayetoka nje ya compás anasikika mara moja, sawa na mpiga gita wetu anayepotea katikati ya sebene.

Nyimbo za mwendo huru hazina mzunguko huo. Mbali na taranta, kuna granaína, iliyopewa jina la mji wa Granada, kuna malagueña ya Málaga, kuna minera, na kuna rondeña ya gita. Zote zinapigwa bila kuhesabu. Lakini wanafunzi wanaposikia neno “huru”, wengi wanafikiri kwamba kila mtu anapiga vile anavyotaka. Hilo ndilo kosa la kwanza.

Walimu wengi wanapenda mwanafunzi ajue compás vizuri kabla ya kuingia katika taranta, na wana sababu. Mwendo huru si kukosa mwendo. Ndani ya kila kipande kidogo cha muziki kuna mapigo, lakini mapigo hayo yanakaza na kulegea. Kipande kinaanza polepole, kinashika kasi kikipanda, kisha kinatulia kikikaribia mwisho, sawa na mtu anayeeleza habari nzito: anaharakisha pale penye mengi ya kusema, anasimama pale neno linapomkwama. Mtu ambaye hajawahi kushika mapigo yaliyonyooka hawezi kuyapinda. Akijaribu, kinachosikika si uhuru bali ni kuyumba.

Kwa sababu hiyo, njia moja inayotumiwa ni kujifunza kipande kwanza kwa mapigo sawa, polepole, mpaka vidole vijue njia. Baadaye tu ndipo mwanafunzi anaruhusiwa kulegeza. Anatafuta noti gani inahitaji kungojewa, noti gani ni ya kupita tu, na wapi muziki unataka kunyamaza. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Mwanafunzi anaogopa ukimya, anafikiri wasikilizaji watasema amesahau. Basi anaujaza kwa noti, na hapo taranta inakufa.

Akordi inayosuguana

Mpiga gita yeyote anayesoma habari hii anaweza kusikia taranta katika dakika moja, hata kama gita yake ni ya zamani. Ashike akordi ya fa diezi bila kulaza kidole juu ya kamba zote. Kwenye kamba ya sita, ile nene, aweke kidole kwenye kaze ya 2, ni kusema nafasi ya pili kati ya vyuma vya shingo ya gita. Kamba ya tano, kaze ya 4. Kamba ya nne, kaze ya 4. Kamba ya tatu, kaze ya 3. Kamba mbili nyembamba aziache wazi, kisha apige kamba zote polepole, kutoka juu kwenda chini, kwa dole gumba.

Sauti inayotoka si tamu. Kamba ya tatu inatoa la diezi, na kamba ya pili iliyo wazi inatoa si. Noti hizo mbili ni majirani wa karibu kabisa, na zikikaa pamoja zinasuguana. Katika nyimbo nyingi mwalimu angesema umekosea. Katika taranta, msuguano huo ndio nyumbani: wimbo unaanza hapo na unarudi kumalizikia hapo. Msikilizaji anafika mwisho wa safari na bado hajapata raha kamili.

Kutoka nyumbani hapo, muziki unashuka mara nyingi kwa ngazi inayojulikana sana katika flamenco. Kwa taranta ngazi hiyo ni: si mineri, la, sol, halafu fa diezi. Hatua ya mwisho, kutoka sol kwenda fa diezi, ni fupi sana, nusu ya toni tu, na ndiyo inayoleta ile ladha ya huzuni ambayo watu wengi wanaitambua kuwa ya Uhispania.

Kila wimbo wa mwendo huru una nyumba yake juu ya shingo ya gita. Malagueña inakaa kwenye mi, granaína kwenye si, minera kwenye sol diezi. Rondeña inakaa kwenye do diezi, na mpiga gita anabadilisha kwanza kamba mbili: ya sita anaishusha mpaka re, ya tatu mpaka fa diezi. Mtu anaweza kuuliza: kwa nini taabu hii yote, kama ngazi ya noti ni moja? Jibu liko katika kamba zilizo wazi. Ukihamisha taranta kutoka fa diezi kwenda mi, noti zinabaki katika mpangilio ule ule, lakini msuguano wa la diezi na si unapotea. Unabaki na kitu karibu na malagueña. Mwimbaji akitaka sauti ya juu zaidi, mpiga gita habadilishi vidole. Anafunga kapo kwenye shingo na kuendelea kushika maumbo yale yale.

Mkono wa kuume nao una kazi zake. Kwa kuwa sauti ya gita inazimika upesi, na wimbo unakwenda polepole, wapiga gita wanatumia tremolo kuishikilia sauti hai. Dole gumba linapiga noti ya chini, kisha vidole vingine vinarudia noti moja ya juu haraka haraka. Katika gita ya classique, vidole vinafuata dole gumba kwa mapigo matatu. Katika flamenco ni manne: kidole cha shahada, cha pete, cha kati, kisha cha shahada tena. Mkono wa kushoto unaongeza noti bila kusaidiwa na mkono wa kuume, kwa kugonga ao kuvuta kamba. Katika taranta mbinu hiyo inasikika sana, kwani inafanana na sauti ya mwimbaji anayetelemka kutoka noti moja hadi nyingine bila kukata pumzi.

Kumtumikia mwimbaji

Mpaka hapa tumezungumza juu ya gita kama iko peke yake. Lakini taranta ilikuwa wimbo kabla ya kuwa kipande cha gita, na mtu anayeijua kwa vidole tu hajaijua bado.

Ubeti wa taranta una mistari minne ao mitano mifupi. Mwimbaji anarudia baadhi ya mistari ili kupata sehemu sita za kuimba, na kila sehemu inaitwa tercio. Gita inaingia kwanza peke yake, inaweka ile akordi ya fa diezi hewani. Mwimbaji anajaribu sauti yake bila maneno, kisha anaanza. Kwa kawaida, tercio ya kwanza inaangukia kwenye re, ya pili kwenye sol, ya tatu inarudi re, ya nne inakwenda la, ya tano inarudi re, na ya sita inapita sol kushuka nyumbani, fa diezi. Ni kusema wimbo unatoka gizani, unakaa muda kidogo katika mwangaza wa re, kisha unarudishwa chini mwishoni kabisa.

Mpiga gita anajua kwamba sol inakuja. Asichojua ni lini. Mwimbaji anaweza kushikilia neno kwa muda mrefu, anaweza kulikata, anaweza kupumua pale ambapo jana hakupumua. Hakuna mguu wa kumsaidia, hakuna ngoma. Basi mpiga gita anamtazama mwimbaji, anasikiliza pumzi yake, anangoja. Akibadilisha akordi mapema, amemsukuma mwimbaji kabla hajamaliza. Akichelewa, amemwacha peke yake hewani. Akipiga noti nyingi wakati mwimbaji anaimba, amemfunika. Nafasi yake ya kusema iko kati ya tercio moja na nyingine, na hapo anajibu kwa maneno machache tu.

Kati ya ubeti mmoja na mwingine ndipo anapata nafasi ndefu zaidi. Kipande anachopiga hapo kinaitwa falseta. Falseta ndiyo mali ya mpiga gita: nyingine amerithi kwa walimu, nyingine ameitunga mwenyewe. Hata hivyo falseta ndefu kupita kiasi inahesabiwa kuwa utovu wa adabu, kwani mwimbaji anapoa akingoja.

Ndiyo sababu mwanafunzi anayetaka taranta anashauriwa kujifunza kuimba ubeti mmoja, hata kama sauti yake si nzuri. Akishaimba, anaelewa kwa mwili wake mwenyewe pumzi inakwisha wapi. Baada ya hapo, hata akipiga gita peke yake, falseta zake zinaanza kupumua.

Kutoka kiti cha nyuma hadi mbele

Kwa muda mrefu mpiga gita alikaa nyuma ya mwimbaji. Aliyebadilisha mambo kwa nyimbo za mwendo huru ni Ramón Montoya, Mgitano wa Madrid aliyekufa mwaka wa 1949. Kwa miaka mingi alimsindikiza Antonio Chacón, mwimbaji wa Jerez de la Frontera aliyeishi kati ya 1869 na 1929 na aliyezipa malagueña, granaína na nyimbo za migodi sura ya heshima kubwa. Kumsindikiza mtu kama Chacón kulimfunza Montoya kungoja. Kisha alichukua pia mbinu za wapiga gita wa classique, akaleta tremolo na arpeji pana katika flamenco.

Mwaka wa 1936, wakati vita ya wenyewe kwa wenyewe ilikuwa imekwisha kuanza Uhispania, Montoya alikuwa Paris, na huko alirekodi mfululizo wa vipande vya gita peke yake. Rekodi hizo zilikuwa shule kwa vizazi vilivyofuata. Kati yake mna zile nyimbo za mwendo huru, sasa bila mwimbaji, lakini pumzi ya mwimbaji inasikika bado ndani yake.

Baada yake wengine waliendelea: Sabicas, aliyeacha Uhispania kwa sababu ya vita ile ile na akaishi miaka mingi New York; Niño Ricardo wa Sevilla; na Paco de Lucía, aliyezaliwa Algeciras mwaka wa 1947 na kufa mwaka wa 2014. Katika mwaka wa 1973 Paco de Lucía alitoa albamu “Fuente y caudal”. Wengi wanaikumbuka kwa sababu ya rumba moja iliyouzwa sana, “Entre dos aguas”. Lakini kipande kilichoipa albamu jina lake ni taranta. Mtu akisikiliza vipande hivyo viwili kimoja baada ya kingine, atasikia mtu mmoja katika hali mbili: kwanza ndani ya mapigo, kisha nje yake.

Shule, karatasi na sikio

Zamani falseta ilipita kutoka mkono hadi mkono. Baba alimwonyesha mtoto, mjomba alimwonyesha mpwa, ao kijana alikaa karibu na fundi katika klabu na kutazama vidole. Paco de Lucía mwenyewe alianza hivyo, kwa baba yake na kwa kaka yake Ramón. Leo flamenco ina shule. Conservatoire ya Rotterdam, Uholanzi, ilifungua masomo ya gita ya flamenco mwaka wa 1985, yakiongozwa na Paco Peña wa Córdoba. Uhispania yenyewe sasa ina conservatoire zinazotoa diploma katika kazi hiyo, kwa mfano ile ya Córdoba.

Shule zimefungua mlango kwa watu ambao hawana mjomba fundi. Lakini kwa taranta karatasi ina mipaka. Noti za muziki zinaandikwa ndani ya mistari inayogawanya mapigo, na taranta haina mapigo ya kugawanya. Wanaoiandika wanaacha mistari hiyo, ao wanaiweka kwa kukadiria tu. Mwanafunzi anayesoma karatasi kwa uaminifu, noti kwa noti, anatoa kitu kilichonyooka sana, sawa na mtu anayesoma barua ya msiba kwa sauti ya tangazo. Karatasi inaonyesha vidole viende wapi. Namna ya kusema inapatikana kwa kusikiliza tu, mara nyingi, watu wengi tofauti.

Mashimo yamefungwa, wimbo umebaki

La Unión ilikuwa karibu kusahau nyimbo zake. Madini yalipopungua thamani, watu waliondoka, na vijana walitaka muziki mwingine. Katika mwaka wa 1961 mji huo ulianzisha shindano la nyimbo za migodi, ili zisizikwe pamoja na wazee. Shindano hilo linafanyika kila mwaka, katika mwezi wa nane, ndani ya jengo la soko la zamani lililojengwa wakati wa utajiri wa migodi. Zawadi kubwa ya waimbaji inaitwa Lámpara Minera, taa ya mchimbaji. Wapiga gita wanashindania Bordón Minero. Bordón ni kamba nene ya gita.

Katika miaka ya kwanza, kati ya washindi alikuwamo Pencho Cros, mtoto wa La Unión aliyefanya kazi mgodini. Mwaka wa 1993, Lámpara Minera ilichukuliwa na Miguel Poveda, kijana wa miaka 20 aliyezaliwa Barcelona. Kati ya washindi hao wawili, uchimbaji katika milima ile ulikwisha: mgodi wa mwisho ulifungwa mwaka wa 1991. Leo watalii wanashuka kwa usalama katika shimo la zamani linaloitwa Agrupa Vicenta, wakiwa na kofia na taa za umeme.

Kuna wanaosema kwamba wimbo uliotoka kazini unapoteza ukweli wake ukipanda jukwaani, mbele ya waamuzi wanaotoa alama. Hoja hiyo ina uzito. Shindano linapenda sauti kubwa na vidole vya haraka, na taranta haihitaji sana mambo hayo mawili. Lakini bila shindano, huenda hakuna mtu angekuwa na cha kubishania. Nyimbo hizi zimebaki kwa sababu watu ambao hawakuchimba walikubali kukaa miaka wakiwasikiliza wale waliochimba.

Sisi pia tunaijua kazi hiyo. Tarehe 16 Novemba 2010, katika mkutano uliofanyika Nairobi, UNESCO iliingiza flamenco katika orodha ya urithi wa wanadamu. Tarehe 14 Desemba 2021, rumba ya Congo iliingia katika orodha hiyo hiyo. Na katika miji ya migodi ya Katanga gita ilikuwa na mafundi wake: mwaka wa 1952, Jean-Bosco Mwenda alirekodiwa Jadotville, Likasi ya leo, akipiga “Masanga” peke yake kwa vidole. Wachimbaji wetu wa mikono, ma-creuseur, wanaimba bado, na nyimbo zao nyingi hazijaandikwa wala kurekodiwa.

Kwa mpiga gita wa Goma, Bukavu ao Lubumbashi anayetaka kujaribu, njia ya kuanza haihitaji pesa nyingi. Asikilize kwanza Montoya wa 1936, kisha taranta ya Paco de Lucía ya 1973, kisha atafute taranta yenye mwimbaji na kuisikiliza mara kumi bila kugusa gita. Ashike ile akordi ya fa diezi, aipige mara moja, na kungoja mpaka sauti izimike kabisa kabla ya kupiga tena. Baadaye amwombe mama ao shangazi mwenye kujua nyimbo za matanga aimbe moja bila ngoma, kwa mwendo wake mwenyewe. Amsindikize kwa akordi mbili tu. Asiibadilishe akordi mpaka pumzi ya mwimbaji imefika mwisho.